Dawa Aliyodhani Anaijua

Saa moja asubuhi, umande ungali kwenye nyasi za Subukia, Nderitu anamshika ng'ombe mwekundu sikio na kumuuliza mwenye mnyama swali analomuuliza kila mfugaji kabla ya kutoa sindano: huyu amedungwa dawa yoyote juzijuzi?

"Alifura mguu, Daktari. Wiki iliyopita alidungwa ile ya kushusha uvimbe," anajibu mama mwenye ng'ombe.

"Basi mtoe, mathe. Chanjo haitashika. Ile dawa hulaza kinga."

Mama analalamika kwamba amemvuta mnyama huyo tangu kule mtoni. Ng'ombe anatolewa, mwingine anaingia.

Nderitu, mwenye umri wa miaka hamsini na miwili, ni mhudumu wa afya ya mifugo. Siku njema huchanja ng'ombe arobaini. Bonde zima humwita Daktari. Mkewe, Wachuka, alizoea kuongeza "wa ng'ombe", asije mumewe akajisahau.

Mwaka jana Wachuka alipatikana na uvimbe kwenye ubongo. Alipasuliwa mjini Nakuru, madaktari wakatoa sehemu waliyoweza kuifikia. Akarudi nyumbani kungoja matibabu ya mionzi, akitembea, akiongea, akifukuza kuku jikoni kwa matusi yake ya kawaida. Alikuwa amepewa vidonge.

Nderitu alisoma jina kwenye pakiti: deksamethasoni. Dawa hiyo hiyo, ya sindano, imo kwenye mkoba wake wa kazi.

"Nilijua inalaza kinga," anasema. "Nikawaza, mgonjwa kama huyu anahitaji kinga kuliko kitu kingine chochote. Nikamwambia aviache. Aliniuliza mara moja tu: 'Una hakika, Baba Shiko?' Nikamwambia ninayo."

Anafunga kisanduku cha chanjo, anakifungua tena, anakifunga.

Siku chache baadaye Wachuka alianza kutapika. Mkono wa kulia ukalegea, kisha maneno yakampotea. Walipomrudisha hospitalini, Daktari Chepngeno alimsikiliza Nderitu hadi mwisho bila kumkemea.

"Hukukosea kuhusu dawa, mzee," alimwambia. "Ni kweli inapunguza kinga. Lakini mguu wa ng'ombe ukifura una nafasi. Ubongo umefungiwa ndani ya mfupa."

Akamweleza pia jambo ambalo Nderitu hakuwahi kulisikia katika kazi yake. Seli za kinga tayari zimejaa ndani ya uvimbe wa namna ile. Uvimbe huzigeuza nyingi kati ya hizo, na badala ya kuushambulia, zinausaidia kukua. Watafiti wanatafuta njia ya kuzirudisha kazini. Kwa sasa walichoweza kumpa Wachuka ni mionzi, na vile vidonge vya kuzuia ubongo usifure.

"Ningeuliza tu," anasema Nderitu. "Simu ninayo. Namba ya hospitali ilikuwa pale kwenye pakiti. Lakini mtu akiitwa Daktari miaka yote hiyo, anasahau kuuliza."

Wachuka amemaliza mionzi. Picha ya mwisho ilionyesha uvimbe haujaongezeka, ingawa hakuna aliyewaahidi kwamba umekwisha. Mkono umeanza kushika kikombe. Maneno yanarudi moja moja. Mengine hayajarudi, na huenda yasirudi.

Alhamisi wana kliniki. Wameambiwa kwamba huenda vidonge vikaanza kupunguzwa, kidogo kidogo, chini ya uangalizi. Sasa anayeogopa kuvipunguza ni Nderitu.

Adhuhuri anamkuta mkewe kibarazani akichambua maharagwe kwa mkono wa kushoto. Anamletea maji na kidonge, anamkumbusha habari ya Alhamisi. Wachuka anamtazama kwa muda mrefu, akilitafuta neno.

"Hakika?"

"Sina, Mama Shiko. Tutamuuliza daktari."

Wachuka anameza kidonge, anajifuta midomo kwa kiganja.

"Wa ng'ombe?"

"Wa watu," anajibu Nderitu, na kuketi kando yake kumsaidia kuchambua maharagwe.