Kikuku chenye Risasi

Mwaka ule wa vita Balbina hakuwa bado Balbina. Jina hilo alikuja kupewa na mapadri baadaye sana, mvi zimeshamjaa, lakini ndilo tulilomjua nalo na ndilo nitakalolitumia. Lile la kwanza hakupenda hata wajukuu zake walitaje.

Alizaliwa kando ya mto Kilombero, si mbali na kivuko cha Ifakara, mtoto wa kwanza wa mhunzi. Baba yake hakuruhusu mwanamke akaribie moto wake. Alisema jembe litapasuka. Lakini iko kazi moja ya wahunzi isiyotaka moto. Mtu akifa, ndugu zake walileta mapambo ya marehemu kwenye ungo, vikuku na pete na mikufu ya waya, wakitaka kuambiwa kipi ni shaba tupu na kipi kimechanganywa, kipi ni cha enzi za mababu na kipi kimefuliwa juzi. Cha zamani kabisa kilikwenda kwa mtoto mkubwa, na hapo ndipo watu waliotoka tumbo moja walipotaka kutoana macho. Mhunzi macho yake yalikuwa yameliwa na moshi. Akamkalisha binti yake nje ya kizingiti, akamfundisha kuona kwa niaba yake.

Nusa kwanza, alimwambia. Kisha pitisha ulimi. Kisha geuza utazame upande wa ndani, maana upande wa nje kila mjinga ameshautazama. Ukingo unaokata kidole ni wa jana, na ulioliwa na ngozi ni wa miaka. Kijani cha kutu kikiwa juu juu tu, kuna mjanja amekizika kwenye mkojo ili akudanganye. Kikiwa kimezama kwenye maungio, hapo inama kwa heshima. Balbina alishika yote hayo kabla hajaota matiti, na alijivuna nayo, tusimpunguzie. Watu wazima walikuwa wakinyamaza wakisubiri msichana alambe kikuku.

Nyumbani kwao kilikuwapo kikuku kimoja kizito cha bibi yao, kilicholetwa na misafara ya pwani wakati meno ya tembo yakipita bondeni. Wachuuzi wa zamani waliuza shaba kwa uzito, kwa hiyo wakawa wanakunja bamba jembamba la shaba juu ya risasi, yale madini ya kijivu, laini, mazito na ya bei ndogo, ambayo wavuvi huyatumia kuzamishia nyavu. Mhunzi alicheka kila alipokumbuka jinsi mzee wao alivyopigwa changa la macho. Lakini ujanja ule ulikuwa alama nzuri ya umri, kwa kuwa wachuuzi wa namna hiyo walishaacha kuja kabla Wajerumani hawajajenga boma lao Mahenge. Bibi alipozeeka alimvisha kikuku hicho mdogo wa kiume wa Balbina, Libenanga, akingali mtoto.

Kisha yakaja maji ya dawa. Yalitoka upande wa Rufiji, yakaingia bondeni kwenye vibuyu, na kila kinywa kikawa na neno moja: risasi. Risasi za Mjerumani zitageuka maji. Watoto waliozaliwa mwaka huo na wale waliokuwa tayari wakicheza, wote walilijua neno hilo kwa maana hiyo moja. Ile maana ya wachuuzi wa pwani ilibaki kwa wahunzi na wavuvi wachache, na wahunzi wengi walikufa mwaka huohuo. Baba yake Balbina naye alikufa, kwa kuhara damu, akiwa amejificha kwenye matete.

Libenanga aliyanywa maji. Nani hakuyanywa? Lakini siku vijana walipowavizia askari kivukoni, wakawachoma mikuki wakiwa nusu majini, yeye alikuwa kitandani na homa. Waliouawa walivuliwa kila kitu. Maganda ya risasi zao yalifuliwa vikuku, na vijana wapumbavu wakatembea navyo wakivichezesha mikononi.

Walilipa, na waliolipa zaidi ni wale ambao hawakuvaa chochote. Askari walirudi na wapiganaji wa kukodiwa, wakachoma vihenge vikiwa vimejaa mpunga, wakakata migomba, wakawachinja mbuzi na kuwaacha wakioza juani ili mtu asile. Mama mmoja aliyeng'ang'ania kapu la mtama alipigwa kitako cha bunduki kinywani. Meno yake yalikusanywa na binti yake kwenye majivu. Nasema haya kwa hasira na sitaomba radhi. Watu walichimba mizizi, na waliokula mizizi mibaya walivimba wakafa.

Askari walipoanza kusaka vikuku, Libenanga alifanya kosa. Ilisemekana kwamba chombo chenye kutu ya kijani huhesabiwa kuwa mali ya wizi iliyofukuliwa ardhini. Akachukua mchanga na majivu, akakisugua kikuku mkononi mwake mpaka kikang'aa kama kimetoka motoni asubuhi hiyo. Kijani kilichokuwa ushahidi wake kikaishia mtoni. Balbina alipokiona alijishika kichwa.

"Umefanya nini, mdogo wangu?"

"Nimekisafisha, dada. Wasije wakasema nimekifukua."

Walikamatwa siku iliyofuata, kijiji kizima, wakakalishwa juani chini ya mkwaju. Mjerumani kijana, uso umeungua kwa jua, alikaa kwenye kiti cha kukunja. Mkewe Libenanga, Digna, alikuwa na mimba kubwa, naye alikuwa amekimbilia kwenye matete ya mto mapema. Shaushi, mkubwa wa askari, alipita akitazama mikono ya watu. Alipofika kwa Libenanga hakuuliza. Aliingiza ncha ya singe kwenye mwanya wa kikuku, akakipanua kwa nguvu, akakichomoa pamoja na kipande cha nyama. Libenanga akafungwa mikono kwa nyuma na kulazwa kifudifudi. Kiboko kililia mgongoni mwake mpaka damu ikaingia kwenye mchanga.

"Shaba mpya," shaushi akasema. "Ya maganda."

Balbina akasimama. Hakuna aliyemwita. Alipiga magoti mbele ya shaushi, akanyoosha mikono miwili.

"Shikamoo, bwana shaushi. Nipe nikuonyeshe. Hicho si kipya, ni cha bibi yetu. Kimesuguliwa tu. Ganda la risasi ni jembamba, ni tupu. Hicho pima uzito wake! Mimi navijua vyuma, baba yangu alinifundisha. Kipasue uone. Ndani mna risasi."

Yule Mjerumani alikuwa na maneno machache ya Kiswahili: leta, kamata, piga, kimya. Na hilo. Aliinua kichwa.

"Risasi?" akauliza.

"Ndiyo, bwana mkubwa," Balbina akajibu kwa furaha, akidhani ameeleweka. "Risasi! Imejaa risasi!"

Shaushi alikuwa mtu wa mbali, Kiswahili amekiokota kambini, na kambini risasi ilikuwa ni ile ya bunduki tu. Alikiweka kikuku juu ya jiwe, akakipiga kwa shoka. Bamba la shaba likapasuka, na ndani, kweli kabisa, kama alivyosema binti wa mhunzi, yakatokea madini ya kijivu, laini. Yaleyale ambayo waasi waliyayeyusha kutengeneza risasi za magobori yao. Mjerumani akayachukua, akayakwaruza kwa ukucha, akaitikia kwa kichwa polepole kama mtu aliyekwisha kuridhika.

Balbina alianza kupiga kelele. Alieleza habari za wachuuzi, za nyavu, za mzee wao aliyedanganywa. Alimshika shaushi mguu. Akapigwa teke la kifua lililomvunja ubavu. Mjerumani akasema kitu kwa lugha yake, na shaushi akakitafsiri akimtazama Balbina.

"Bwana anauliza, nani alijua kwamba humu mna risasi? Huyu ananyongwa. Aliyejua na kuficha, kamba yake ni hiyohiyo."

Balbina alifungua kinywa. Libenanga, pale chini, mchanga mdomoni, akamtangulia.

"Mimi ndiye niliyejua! Huyu hajui kitu. Mwanamke atajuaje vyuma? Anarudia maneno niliyomwambia mimi, kama kasuku. Muulizeni kama anajua."

"Unajua vyuma, wewe?" shaushi akamwuliza.

Watu wote wa kijiji walikuwa wamekaa pale, watu waliowahi kusubiri ulimi wake uwagawie urithi. Hakuna aliyeinua macho. Balbina alimtazama mdogo wake, na Libenanga akamtolea macho makali, macho ya kuamrisha.

"Sijui, bwana," akasema. "Sijui kitu."

Uzeeni alikuwa akisema kwamba neno hilo lilimwuma kuliko ule ubavu. Wakamtundika Libenanga kwenye tawi la chini la mkwaju, na kwa kuwa tawi lilikuwa fupi, miguu yake iligusa chini kila alipojitupa. Askari wawili wakamshika magoti wakamvuta. Alichelewa kufa.

Baada ya vita Balbina alihamia Sanje, chini ya milima, akalima migomba, akabatizwa, akazika waume wawili. Watu waliokumbuka habari zake walimletea mapambo ya marehemu wao. Aliwarudishia ungo bila kugusa kitu. Wengi walidhani analiogopa lile neno. Sivyo. Neno alilitamka mpaka kufa kwake, kwa maana zote mbili, na aliyebisha alikiona. Kilichomtoa kwenye kazi ya baba yake kilitokea asubuhi askari walipokwisha kuondoka.

Digna alitoka kwenye matete na tumbo lake, na wanawake hao wawili wakamshusha Libenanga wenyewe. Balbina akakata kamba iliyofunga mikono nyuma. Mkono wa kulia ukaangukia kwenye mapaja ya Digna, naye akaugeuza, akaupangusa damu kwa kanga yake. Juu kidogo ya kifundo, ukiuzunguka mkono wote, ulikuwapo mfereji. Ngozi ya pale ilikuwa nyeupe, ngumu, haina hata unywele mmoja, imebonyea kidole kizima ndani ya nyama. Hakuna kikuku cha mwaka mmoja kinachoweza kuchimba vile. Mtu ambaye hajawahi kuona shaba maishani mwake angeutazama na kujua kwamba mwenye mkono huu amekivaa kikuku chake tangu utotoni.

Digna alipitisha kidole kwenye mfereji ule, kwa mazoea, kama alivyokuwa akifanya walipolala.

"Wifi," akauliza, "mbona hukuwaonyesha mkono?"

Balbina akautazama.

"Nilikuwa natazama kikuku," akasema.