Maziwa Hayanuswi

"Mwalimu, maziwa imekukosea nini?"

Nilikuwa nimeinamisha pua juu ya kikombe, nikiwaonyesha watoto wa miaka mitano jinsi ya kunusa. Aliyeuliza ni binti mdogo wa mstari wa mbele, na hakuwa akitania. Alinitazama kama mtu aliyeona mkubwa akifanya jambo la aibu. Mimi, ambaye chuoni wahadhiri walinikwepa kwa maswali yangu, nilirudisha kikombe mezani taratibu.

Ilikuwa wiki ya milango mitano ya fahamu katika chekechea yetu ya mtaa wa Kabeza, nilikokuja kufundisha kutoka Tanzania. Somo lenyewe nililitilia shaka. Nani alihesabu akafika tano akaacha? Nikifumba macho, bado najua mkono wangu uko wapi. Huo ni mlango wa ngapi? Lakini watoto walilipenda. Walitia mikono ndani ya mfuko wakatambua brashi, mchanga na maharage. Walitikisa makopo wakabishana lipi lina mahindi na lipi lina kokoto. Binti yule alikuwa wa kwanza kila mara.

Siku ya pua alinusa sabuni, akanusa mafuta ya nywele. Tulipofika kwenye maziwa, mabichi na yaliyochacha, aliweka mikono nyuma. Nilimbembeleza, akafunga macho na mdomo pia. Bahati mbaya mwalimu mkuu alikuwa mlangoni. Huyu mama alikulia Uganda na hakupenda kupoteza muda.

"Huyu hanusi, hajibu. Tunampelekaje darasa la kwanza?" aliniambia watoto walipotoka. "Abaki mwaka mwingine."

"Kwa sababu ya kikombe?"

"Kwa sababu hafanyi anachoambiwa."

Nilijua maana yake. Wenzake wote wangevuka ua kwenda shule ya msingi, naye angebaki kwenye viti vile vidogo na watoto wasiojua kufunga viatu.

Jioni bibi yake alikuja kumchukua. Alikuwa na duka dogo la maziwa karibu na barabara ya uwanja wa ndege, na Kiswahili chake alikitoa Bujumbura, alikokulia. Nilimweleza yaliyotokea. Akashika kifua.

"Ulinusa mbele ya watu?"

"Ndiyo, bibi. Ni somo."

"Yesu! Maziwa unapokea na mikono mbili, unakunywa. Ukiweka pua, umeambia mwenye ng'ombe yeye ni mchafu. Huko Tanzania hawakufundisha nyinyi kitu?"

"Walitufundisha hesabu."

"Hesabu!" Akamgeukia mjukuu. "Unasikia? Hesabu."

"Na kama yameharibika, bibi?"

"Unakunywa kidogo, unashukuru, unaweka chini."

Sikuridhika. Mila inayomwambia mtu ameze kilichochacha ili mwenyeji asione haya, mimi naiuliza maswali. Lakini njiani niliwaza jambo lingine. Somo langu lilidai kupima pua, kumbe lilikuwa likipima malezi, na mtoto mwenye malezi ndiye aliyekuwa anafeli. Nilichokosea ni kusimama mbele yake nikimkabidhi kikombe, kama mwenyeji anavyomkabidhi mgeni.

Kesho yake nilimwomba mwalimu mkuu nafasi moja tu. Alikubali kwa sharti kwamba achague maziwa yeye mwenyewe. Akaleta vikombe vitatu, nikavipanga juu ya ubao nyuma ya kabati, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kumpa wala wa kumtazama.

"Nenda huko peke yako," nilimwambia binti. "Hakuna aliyekukaribisha. Hayo hayana mwenyewe."

Alifikiri kidogo, akaenda. Tulisikia kikombe kikigusa ubao, kisha kimya, kisha kingine. Mwalimu mkuu alitazama saa yake. Mtoto akarudi, mikono nyuma.

"Ya kwanza ya leo," alisema taratibu. "Ya pili ya jana. Ya tatu..." Akasita.

"Sema tu," mwalimu mkuu alimhimiza.

"Ya tatu ililala na dagaa."

Niligeuka kumtazama mwalimu mkuu. Kwenye friji ya ofisini kwake, pale alipotoa kikombe cha tatu, kulikuwa na bakuli lake la chakula cha mchana.

"Aende darasa la kwanza," alisema, akikusanya vikombe. "Aende haraka, kabla hajaifungua friji yangu."

Binti alivuka ua na wenzake Septemba ile. Miaka ilipita, mimi nikahamia shule nyingine Kinyinya, na siku moja jirani wa lile duka akanieleza kitu kimoja nilichokuwa sikijui: yule bibi aliugua kabla mjukuu hajaanza chekechea, akapona, lakini hakusikia tena harufu yoyote, na kila alfajiri, kabla mlango wa duka haujafunguliwa, mjukuu wake ndiye aliyepita nyuma ya pazia kunusa madumu ya maziwa, moja baada ya jingine, ili mteja asione.