Kisima Kisichosinyaa na Ngazi za Bibi

Kisima cha ubatizo cha kanisa letu hapa Segese kilipasuka kwa sababu tulikipenda mno. Najua inavyosikika, lakini nilikuwepo, na saruji iliyotumika ilitoka dukani kwangu.

Nauza vifaa vya ujenzi: mabati, misumari, nondo, saruji. Mchungaji alipotangaza kwamba tunajenga kisima nyuma ya kanisa, tuachane na kubatizana kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe, waumini walimiminika dukani, kila mmoja akitaka kutoa mfuko wake wa saruji. Wachimbaji wa dhahabu walitoa, wakulima wa mpunga walitoa, kwaya ya akina mama ikatoa. Fundi alisema mifuko imezidi. Lakini nani angemwambia mtu kwamba sadaka yake haihitajiki? Yote ikaingia humo humo: mchanga kidogo, saruji nyingi, na maji ya kumwaga ili makoleo yazunguke kwa urahisi. Tulimimina zege huku tunaimba, jua la mchana likiwa utosini.

Haukupita muda mrefu, kuta zikawa na nyufa kama ganda la yai lililogongwa. Fundi aliziba kwa plasta nene, akapiga juu yake niru, ule upako laini wa saruji tupu, mpaka kisima kikang'aa. Nyufa zikarudi zilezile, na nyingine mpya zikaongezeka. Tukijaza maji Jumamosi kwa mikokoteni ya punda, Jumapili asubuhi tunayakuta yanafika kwenye vifundo vya miguu. Mchungaji, ambaye ana upole wote ambao mimi nilinyimwa, aliwakalisha wabatizwaji chini na kuwamalizia kwa ndoo.

Bibi yangu, mama yake baba, alikuja kushuhudia jambo hilo, akakaa kwenye kiti mlango wa nyuma wa kanisa.

"Huko si kubatiza," alisema kwa sauti ya watu wote kusikia. "Huko ni kumwagilia mchicha."

Bibi alikuwa amewarudisha wachungaji wengi kabla ya huyu. Alitambika kwa mababu zake maisha yake yote na hakuona sababu ya kuhama. Siku alipokubali ubatizo alikubali mwenyewe, bila kuombwa, ila kwa masharti yake. Azamishwe mzima, kwa maji mengi. Isiwe lamboni, kwa sababu ng'ombe wake mwenyewe walikuwa wanakojoa pale na anayafahamu yale maji. Na aingie kwa miguu yake, asibebwe kama gunia la mpunga. Sharti hilo la mwisho ndilo lililoninyima raha. Magoti yake yalikuwa yanaisha. Kila mwezi alitembea hatua chache kuliko mwezi uliotangulia, na kisima kilikuwa kinavuja. Niliogopa kwamba magoti yatawahi kuisha kabla ya kisima kupona.

Mimi na uvumilivu hatujawahi kukaa nyumba moja. Nilimfokea fundi, nikamfokea hata punda. Halafu nikaenda Kahama kununua bidhaa, na kwenye ghala la jumla nikaona mifuko ya saruji nisiyoijua imepangwa pembeni.

"Hiyo si ya nyumba, dada," muuzaji aliniambia. "Ni ya watu wanaojenga misingi ya mashine. Hiyo haisinyai kama hizi nyingine."

"Haifanyi nini?"

"Haisinyai. Zege likikauka linajikunja. Sasa limeshikwa huku na huku, litajikunjia wapi? Linachanika. Hii inajikunja kidogo sana."

Nikamsimulia kisima chetu, mifuko ya sadaka na nyimbo zetu. Alicheka mpaka akaegemea mizani.

"Dada, mlijitafutia. Saruji ikizidi, kusinyaa nako kunazidi. Na maji mengi ndiyo yanamalizia kabisa."

Njiani kurudi nilicheka na mimi, kisha nikakasirika, kisha nikacheka tena. Kumbe kila mfuko tuliouongeza kwa moyo mweupe ulikuwa unatuongezea nyufa!

Jioni nilimweleza Bibi. Alisikiliza akiwa anachambua choroko, halafu akaninyooshea mkono wake, ngozi yake ikiwa imejikunja kunjo juu ya kunjo.

"Kumbe na simenti inazeeka," alisema. "Hiyo yako isiyosinyaa, ng'wanone, mwanangu, ungeniletea kidogo nijipake."

Fundi alikuwa mgumu. "Simenti ni simenti," alisema, kwa sababu lawama za kisima zilikuwa zimemchosha. Nikampigia muuzaji wa Kahama nikampa simu. Waliongea kwa muda mrefu, fundi akiitikia "eeh" na "hapo sawa", na aliponirudishia simu sura yake ilikuwa imelegea. Akaniambia muuzaji amemkanya asiifanye saruji hiyo kuwa dawa ya miujiza. Maji ya kuchanganyia yapimwe, yawe kidogo. Tumimine asubuhi na mapema, kabla jua halijachachamaa. Zege likishashika lifunikwe kwa magunia mabichi, na magunia yasiachwe yakauke mpaka liwe limekomaa vizuri.

"Yaani maji tuliyokuwa tunayaweka mwanzoni, ilitakiwa tuyaweke mwishoni," alisema, akatikisa kichwa.

Nikaagiza saruji ile kutoka Kahama, tukabomoa kisima cha zamani. Siku ya kumimina, kulipokucha tu, niliona kile nilichokuwa nakiogopa: waumini wanakuja, na mifuko ya saruji mabegani, kwenye baiskeli, kwenye bodaboda. Mchungaji alinitazama kwa macho ya kuomba msaada. Yeye asingeweza kukataa sadaka, na fundi asingeweza kumkatalia mchungaji. Nikaenda kusimama kwenye njia mwenyewe.

"Leo hauingii mfuko hata mmoja," nilisema. "Wekeni pale ukutani. Tutajengea choo."

Wakanung'unika. Mama mmoja wa kwaya aliniuliza tangu lini nimekuwa mlinzi wa mbingu. Nikamjibu kwamba nalinda kisima tu, mbingu ina watu wake. Hapo ndipo ikafika bodaboda ya mwisho, na Bibi yuko nyuma, kambana dereva kiunoni, mfuko wa saruji umelazwa mbele kwenye tangi. Alikuwa ameuza kuku wake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Sogea."

"Bibi, huu hauwezi kuingia. Ukiingia kitapasuka tena."

"Wa kwangu?"

Nilitamani ardhi inimeze. Huyu ndiye niliyekuwa nampigania tangu mwanzo, na sasa nimemzibia njia mbele ya kanisa zima. Sikusogea.

"Hata wa kwako, Bibi."

Bibi alitazama shimo, na kina chake, na kuta zake zilizonyooka kwenda chini.

"Sasa mimi nitashukaje humo? Mtanirusha?"

Hakuna aliyekuwa amefikiria hilo. Si mimi, si fundi, si mchungaji.

"Kikikauka," Bibi alisema, "mfuko wangu mnijengee ngazi. Fupifupi, za magoti haya. Na uishe wote, msinibanie."

Tulimimina bila nyimbo, kwa sababu fundi alitaka kusikia hesabu ya ndoo. Siku zilizofuata kwaya nzima ilipeana zamu ya kulowesha magunia, na yule mama aliyeniita mlinzi wa mbingu ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Zege lilipokomaa, ngazi za Bibi zikajengwa ndani, juu ya sakafu, kwa saruji ya kawaida, mfuko mzima kama alivyoagiza.

Jumamosi moja tukajaza maji. Bibi akaomba kipande cha mkaa, akachora mstari ukutani pale maji yalipoishia, kwa mkono wake, maana hakuuamini wa mtu mwingine. Jumapili alifika kabla ya mchungaji. Maji yalikuwa bado yanagusa mstari.

Alishuka ngazi moja baada ya nyingine, mkono mmoja ukutani, mwingine begani kwa mchungaji. Mchungaji akamuuliza kama anaamini.

"Naamini," alisema. "Hayajaenda kokote."

Kanisa lilicheka na vigelegele vikapigwa. Mimi nililia kama mtoto, na sikuona haya.

Viangazi vimepita na kisima hakijapasuka. Ngazi ndizo zimepata ufa mmoja mrefu, kutoka juu mpaka chini. Juzi fundi alikuja kuuziba, akamkuta Bibi ameketi pale juu akijipumzisha.

"Yaya, hapana, uache," Bibi alimwambia. "Hicho kisima ni chenu, kisisinyae. Huu ufa ni wangu. Niacheni nizeeke nao."