Mbuzi Yenye Ilikunywa Kupita Zote

Mwanangu, ningali naona ile siku ya Mungu, siku ya kanisa. Tulikuwa bantu ine mu parseli yetu, komini ya Kenya, hapa Lubumbashi: mama yangu Mujinga, yaya yangu Ngoie, dada yangu mukubwa, mwenye alikuwa ametoka kuolewa, Nkambo Kyungu, mujomba ya mama, mwenye alichungaka mbuzi kwao Mitwaba, na mimi Kabange, ningali kijana. Wa tano ilikuwa mutoto ya mbuzi, dume, ya siku tatu.

Mama yake, ile mbuzi kubwa, ilitoka mu mahari ya yaya. Mama aliniambia: «Hii ya kwanza ni yako. Ikikufa mu mikono yako, sitakupa ingine.»

Basi niliitunza kwa majivuno. Nilionyesha kila muntu tumbo yake. «Muangalie vile inashiba!»

Yaya akacheka: «Inashiba ao iko na mimba? Si ni dume ile?»

Nkambo hakucheka. Aliikamata, akaminya tumbo pole pole, mbuzi ikalia. «Kabange, tangu izaliwe, uliona inakojoa?»

Sikukuwa nimetazama. Mimi nilihesabu paka vile inanyonya, ile tu. Kumbe pale mukojo unatokeaka, ngozi iligandana na damu ya kuzaliwa, ikakauka, ikafunga njia. Nkambo akalowesha kitambaa mu maji ya vuguvugu, akalainisha, akangoja, akalainisha tena. Mukojo ukaruka, ukamulowesha suruali ya kanisa. Tulicheka mupaka mama akakaa chini.

«Musifurahi mbio,» Nkambo akasema. «Njia imefunguka, lakini siku tatu maji ilirudia mu mafigo. Iko changa, imeumia, haijue tena kushika maji. Itakojoa sana. Muiache inyonye vile inataka.»

Mwanangu, kusikia haiko kushika. Kesho yake ilikojoa, ikakojoa, mukeka ukaloa, jikoni ikanuka. Nikawaza: inatoka sana sababu inaingia sana. Nikaifunga kamba mbali na mama yake, ikauke kidogo. Magaribi macho ilikuwa imeingia ndani, mudomo mukavu, haisimame tena.

Mama akamuita Nkambo. Nkambo akafungua kamba. «Ilifungwa chini, tukaifungua. Sasa wewe unaifunga juu?» Akanipa kikombe na kijiko. Nilikaa nayo chini, tone kwa tone, maziwa ya mama yake, mupaka ikasimama yenyewe kutafuta titi.

Iliishi. Lakini haikukomaa kama zingine, na pa beseni ya maji njo ilikuwa ya kwanza kufika na ya mwisho kutoka. Donda inapona, kovu inabaki.

Njo maana nakuambia, wewe mwenye kubeba mutoto leo: usihesabu paka vile ananyonya, hesabu na kushi, zile nepi zenye zinaloa. Zikibaki kavu, usingoje muntu wa Mitwaba apite. Kimbia kwa munganga. Na mukojo ukitoka, usiseme imeisha, rudi munganga atazame mafigo. Na muntu mwenye ametoka mu taabu, usimupimie maji. Hauone ndani yake palibakia nini.

Mungu akupe macho yenye kuona mbele ya kusifu, na kikombe yenye haikauke. Kama nilikosea siku ao jina, wenye bananijua banisahihishe. Muulize Yaya Ngoie, yeye angali anakumbuka vizuri. Paka ile kamba tu, sitaki muntu aniondolee mu hadisi. Ni mimi niliifunga.