Fridah Rossi, Aliyeitikia Kuwa Mrusi

Fridah Kathure Rossi ni mfanyakazi wa nyumbani. Nyumba ya kwanza aliyofanyia kazi ilikuwa Riyadh, nyuma ya maduka ya Al-Sulimaniyah, na anayofanyia kazi sasa iko Jeddah. Si mtu wa makuu. Hasemi sana, hawezi kuvaa nguo isiyopigwa pasi, na Jumapili husali chumbani mwake bila kutoa sauti. Ninaandika habari zake kwa sababu ya jina lake la mwisho, ambalo siku moja lilikaribia kumpoteza.

Jina hilo ni la Kiitaliano, na huko Italia limejaa kila mji. Yuko Paolo Rossi aliyefunga mabao nchi yake ikatwaa Kombe la Dunia kule Uhispania. Enzi hizo baba yake Fridah, mzee Reuben, alikuwa kijana wa shule, na wenzake wakamwita Paolo. Alilipenda, ingawa hakuwahi kuupiga mpira ukaenda alikotaka. Yuko pia Rossi wa mashindano ya pikipiki, ambaye kaka zake Fridah walibandika picha yake ukutani.

Fridah mwenyewe alilisikia jina hilo kwa namna nyingine. Kijijini kwao Meru watu walinong'ona kwamba ukoo wenye jina la padri Mwitaliano wa misheni haukulipata kwa maji ya ubatizo peke yake. Walimtazama bibi yake kanisani wakasonya, ingawa mzee Reuben ni mweusi kama chungu na pua ni ya babu mtupu. Bibi alikufa akijua wanayosema.

Ukweli ni huu. Babu alikuwa mwashi wa Padri Rossi, akimjengea kanisa. Siku ya kubatizwa watu wazima, katekista aliwauliza mmoja mmoja kwa Kiswahili, lugha ambayo babu aliijua nusunusu: "Wewe ni wa nani?" Alitaka jina la baba. Babu alidhani anaulizwa anamfanyia nani kazi, na kwa kumwogopa mzungu aliyeketi kando, akajibu upesi: "Wa Rossi." Ikawa hivyo hadi leo.

Kabla ya kusafiri, Fridah alipitia mafunzo ya wakala mmoja Nairobi. Waliambiwa kwamba wakisemeshwa Kiarabu wasichokielewa wajibu "aiwa", yaani ndiyo, kisha watabasamu. Bosi hapendi mtu wa maswali. Mimi nasema hilo ni fundisho ovu. Mtu aliyezoezwa kukubali kila neno amevuliwa ngao kabla hajaingia vitani, na anayemfundisha hivyo anajua anachofanya. Lakini kwa miaka miwili pale Riyadh neno hilo lilimfaa. Farida, umefua? Aiwa. Farida, umechoka? Aiwa, naye madam, mwenye nyumba, akacheka. Walimwita Farida kwa sababu lilikaa vizuri vinywani mwao. Jina jingine hawakuliuliza.

Kisha mama yake madam, aliyeishi Jeddah, alianguka akaumia nyonga. Mume wa madam, ambaye Fridah alimwita Baba, na ndiye kafili, yaani mdhamini aliyemleta nchini, akaamua Fridah aende kumuuguza, akampandisha basi peke yake.

Ng'ambo ya kiti chake aliketi Zephania, Mtanzania, karani katika Bandari ya Jeddah, aliyekuwa anarudi kazini. Alimsalimu kwa adabu. Fridah alijibu kwa mkato, maana madam alikuwa amemwonya kuhusu kuzungumza na wanaume safarini.

Hofu alikuwa nayo tangu kupanda. Wanawake wenzake walikuwa wamemwambia kwamba njia hiyo inaelekea Maka, ambako Mkristo haingii, na kwamba askari huwatoa watu ndani ya mabasi. Hakuna aliyemweleza kuwa basi lake lingepita njia nyingine. Hivyo walipofika kwenye kizuizi kabla ya Taif, mchana jua likiwaka, alikuwa ameshatoa kadi yake mkobani kabla askari hajakanyaga ngazi.

Alikuwa askari kijana. Alichukua ikama ya Fridah, kadi yake ya ukaazi, akaisoma kwa Kiarabu. Kwa herufi za Kiarabu, Rossi husomeka Rusi, na Rusi ni Mrusi. Kijana akamtazama usoni, akaitazama kadi, akatabasamu.

"Inti Rusiya?" aliuliza. Wewe ni Mrusi?

Fridah alisikia jina la kwao, Rossi. Tangu aje nchi ile hakuna aliyewahi kumwita hivyo.

"Aiwa," akasema, naye akatabasamu.

Abiria wawili watatu wakaangua kicheko. Askari akaacha kutabasamu, akamuuliza tena, taratibu, kama ametoka Urusi.

"Aiwa."

Yule kijana hakuwa mbaya. Kazi yake ilikuwa kutafuta kadi za kughushi, na hapa alikuwa na mtu anayetaja nchi isiyo ile iliyoandikwa kwenye kadi yake. Akamwamuru ashuke na mkoba wake.

Walimweka katika kibanda cha bati chenye meza na feni. Dirishani aliliona basi, injini ikinguruma, dereva akipiga makofi na kusema yalla, yalla, twendeni. Fridah hakujua kosa lake, na hilo ndilo lililomtisha kuliko kifungo chenyewe. Alijua tu kwamba basi likiondoka, hakuna mtu wa kwao duniani atakayejua alipo. 

Askari mkubwa wa kituo alimpigia kafili simu, sauti ikasikika chumbani. Akamuuliza kama anamjua Farida Rossi. Baba akasema anaye Farida, Mkenya, yuko safarini. Kuhusu Rossi, mafi. Mafi Rossi.

Neno hilo Fridah alilijua. Hakuna. Hakuna Rossi. Simu ikakatwa.

Hapo Zephania aliingia, akiwa ameomba ruhusa ya kutafsiri. Akamweleza Fridah alichokuwa amekubali. Kisha akainama, akasema kwa sauti ya chini, "Dada'angu, nisikilize. Sema mumeo alikuwa Mwitaliano, amefariki. Watakuonea huruma, yaishe."

"Sina mume."

"Na hapa nani atajua?"

Fridah akatazama dirishani. Dereva alikuwa anafunga buti ya mizigo.

"Shosho wangu, mama ya baba, alitukanwa maisha yake yote kwa uongo wa aina hiyo," alisema. "Waambie nilikubali kitu sikuelewa. Waambie babu yangu alikuwa fundi wa mawe."

Zephania akamwomba arudie. Kisha akatafsiri. Askari mkubwa aliuliza kwa nini mtu akubali asichokielewa.

"Niliogopa," Fridah akasema.

 Yule kijana akauliza jambo, mwenzake akacheka. Fridah akamgeukia Zephania, akangoja.

"Anauliza kama Rossi wa pikipiki ni jamaa yako."

"La," Fridah akasema.

Wakapiga simu mara ya pili, safari hii wakampa aongee mwenyewe. Aliposema, "Baba, ni Farida," yule bwana aliitambua sauti, akamfokea kwa kumsumbua kazini. Kisha akamwambia askari kwamba huyu ni wake, amwachie. Halas, yamekwisha. Akarudishiwa kadi.

Ningependa kuandika kwamba ukweli ndio uliomfungulia mlango. Ukweli ulimzuia asitumbukie shimo la pili, na kwa hilo namheshimu. Lakini mlango ulifunguliwa na mtu aliyesema "ni wangu" kuhusu mwanamke ambaye hata jina lake hakulijua. Wenye kuajiri na walitafakari hilo.

Basi lilikuwa limengoja. Abiria walimnunia. Zephania alimpa chupa ya maji, naye akaishika hadi Jeddah bila kuifungua, kwa kuogopa kuomba kushuka tena. Hadi leo akimwona mtu mwenye sare huvuka barabara. Ijumaa akiruhusiwa kuwatembelea Wakenya wenzake mtaa wa Karantina, humpokea kwa mzaha: "Karibu Mrusi, theluji umeiacha wapi?" Yeye huvua viatu, akaketi, akauliza habari za watoto.

Mama yake madam, ambaye Fridah humuuguza, hulalamika kwamba ameletewa mtu mzito wa kuelewa. Siku yao ya kwanza pamoja alimwambia jambo mara tatu, akizidi kupandisha sauti. Fridah alisimama katikati ya chumba, taulo mkononi, akatikisa kichwa kuonyesha hajaelewa. Yule mgonjwa akainua mkono wake mkavu kwa shida, akaonyesha dirisha. Jua lilikuwa linampiga machoni. Fridah akaenda akavuta pazia.