Gobore la Kutishia Nyani

Nakumbuka hata leo, mjukuu wangu, na nikikumbuka siwezi kukaa kitako, asubuhi niliyomtuma binti yangu Zuhura akachukue gobore la kutishia nyani.

Nyani wa huku Likawage wana dharau. Mwanamke akiwapigia kelele wanaendelea kuvunja mahindi huku wanamtazama usoni. Wakiona gobore wanakimbia. Kwa hiyo sisi wanawake tulilibeba tupu, la kuonyesha tu.

Wiki ile ile mtendaji wa kijiji alikuwa amepita nyumba kwa nyumba. Akaniambia, "Mama Zuhura, silaha ifungiwe, asiiguse ila mwenye kibali." Nikamjibu kwa jeuri ya ujana, "Watoto nimezaa mimi. Serikali haijaninyonyeshea hata mmoja." Mume wangu akacheka, nami nikajiona nimesema.

Siku hiyo nilikuwa kwenye palizi, nyani wakaingia upande wa pili. Nikamwambia Zuhura, mtoto wa miaka tisa, akalichukue gobore kwenye kibanda cha kulindia shamba, nikamhakikishia ni tupu. Kumbe baba yake alikuwa amelishindilia baruti alfajiri kwa ajili ya nguruwe, hakuniambia, wala mimi sikuuliza. Mtoto akawa analiburuta, kiganja kimeziba mdomo wa mtutu. Likafyatuka. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vikabaki shambani.

Tulipakiwa kwenye pikipiki kwenda hospitali. Njia nzima hakulia. Aliniuliza neno moja tu: "Mama, si ulisema tupu?"

Miaka mingi nilimlaumu mume wangu. Mara nyingine nilimlaumu hata mtendaji, kwa nini hakutunyang'anya. Lakini aliyesema "kachukue" ni mimi.

Juzi nilipita kwako nikaona gobore limeegemezwa nyuma ya mlango. Ukaniambia, "Bibi, usihofu, nina kibali." Sijalala vizuri tangu hapo. Kibali kinakujua wewe, mjukuu wangu. Hakimjui binti yako, ambaye sasa anafikia kila komeo.

Lifungie leo, si kesho. Ufunguo ukae nawe, baruti ikae mbali. Mtendaji akija kukagua mshukuru, usimbishie kama mimi. Ila yeye atakagua na kuondoka. Siku zote nyingine serikali ya nyumba hiyo ni wewe na mkeo. Na usimwambie mtoto silaha ni tupu, hata kama ni tupu kweli.

Mola akujalie uzee, na siku yako ya mwisho binti yako akushike mkono kwa vidole vyake vyote.