Mwalimu wa Kinanda na Cherehani ya Bibi

Mwalimu wa kinanda anayekuja kuwafundisha wajukuu wanaosomea nyumbani huvua pete kwanza na kuiweka dirishani, ndipo aketi. Ana vidole vifupi kama vya mtoto. Mtu akikosea hagombi, husema tu, "Tena, mama," kama anayembembeleza mgonjwa ameze dawa. Bibi, anayeshona pembeni, huguna: huyu anawashika watoto kama mayai!

Wiki ya tatu mfululizo mjukuu wa kati alikuwa akikimbia mbele ya mapigo ya muziki, na siku hiyo akakifunga kinanda. "Mimi muziki sina. Naacha."

Bibi akasimamisha cherehani amkaripie, lakini mwalimu akamwahi. "Bibi, usisimame! Kanyaga hivyo hivyo."

"Nishone au niwapigie ngoma?"

"Shona, bibi yangu. Mjukuu wako atakufuata."

Bibi akakanyaga. Mwalimu akafungua kinanda, akawa anamgonga mtoto begani polepole, sambamba na cherehani. Mtoto akaanza kupiga, akateleza, akaanza tena, na safari hii hakukimbia. Pindo likaisha, kitambaa kikaanguka, uzi ukajisokota, na bibi, ambaye hajawahi kuharibu uzi maishani mwake, akaendelea kukanyaga.